Maua ya Jioni Chini ya Upenu

Nikisema kwamba miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza nikipigana na ukavu, na kwamba kazi yenyewe ilikuwa Nyamira, watu wananiangalia kwa huruma. Huku kwetu mvua hainyimi mtu. Asubuhi jua, saa tisa wingu, saa kumi umelowa. Ukichomeka kijiti cha kufungia mbuzi, mwezi ujao kina majani. Lakini nyinyi wawili mliobaki na majembe yangu mnaujua ule ukanda wa nyuma ya wodi ya kifua kikuu, na mmeniuliza mara nyingi kwa nini pale pamepandwa kitu ambacho mchana kinafanana na matambara. Sasa nimestaafu, nafasi ninayo. Mambo ya vyeo sitaandika, maana nilikuwa nacho kimoja tu.

Siku ya kwanza nilifika hospitalini na jembe langu mwenyewe kutoka nyumbani Kiogoro, nimelinoa likanoleka. Mkuu wa bustani alikuwa Mzee Ratemo, mtu mfupi mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliliangalia jembe langu, akaniangalia mimi.

"Hiyo weka kando kwanza," alisema. "Wewe utaua kila kitu."

Akanipa kisu cha jikoni kilichovunjika ncha. Wiki nzima nilichuchumaa kwenye waridi nikichokoa magugu, na kila moja nililazimika kuuliza kabla sijang'oa. "Mzee, hili?" "Hilo ndilo, toa." "Na hili?" "Hilo ni waridi changa, mama. Ukilitoa, mimi na wewe tunaenda nyumbani leo."

Niliona ananijaribu tu, maana nililelewa shambani na palizi naijua tangu utotoni. Baadaye nilielewa. Shambani unajua ulichopanda, kingine chote ni adui. Bustanini kuna vitu vinavyojiotea vyenyewe na bado unavitaka. Mama yangu hakuelewa kabisa. Aliniuliza, "Mnalima nini huko?" Nikamwambia maua. "Yanaliwa?" Hapana. "Basi mnangoja nini?" Kisha akaniombea.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mbuzi wa jirani waliojua saa yetu ya chakula kutushinda sisi. Kulikuwa na wanakwaya waliokuja kila kukiwa na harusi kuomba "maua mawili matatu" na kuondoka na kichaka. Kulikuwa na ile nyasi inayotambaa ambayo ukiacha kipande cha mzizi kama kucha, kesho imerudi na familia. Hayo yote mtayamudu. Kesi iliyonishinda mimi na Mzee Ratemo pamoja ilikuwa ule ukanda.

Wodi ya kifua kikuu ilijengwa pembeni kabisa, kilima kikachongwa na tingatinga ili pawe tambarare. Udongo mzuri wote ukasukumwa bondeni. Kilichobaki ni changarawe nyekundu, kokoto za fundi na vipande vya matofali. Paa nalo lilitokeza sana ili wagonjwa wakae nje bila kunyeshewa, kwa hiyo mvua ya Nyamira, pamoja na wingi wake wote, ilipita juu na kumwagika mbele. Ukuta unatazama machweo. Kuanzia saa saba jua linaupiga, ukuta unarudisha joto chini, na maji ya tangi hatukuruhusiwa kuyagusa, yalikuwa ya wagonjwa. Tulijaribu waridi, likakauka. Tulijaribu maua ya kana, yakakauka. Tukabeba samadi kwa toroli siku kadhaa. Tukapata funza na harufu, na wagonjwa wakalalamika. Mzee Ratemo alistaafu akiniachia ule ukanda kama mtu anayemwachia mwenzake ugomvi wa mpaka.

Maua yenyewe niliyakuta Nyakoe. Dada yangu ameolewa huko, na nikienda kumwona nilipita kwenye ukingo wa barabara uliochongwa kama ule wetu, changarawe tupu. Asubuhi niliona mimea mirefu, ya kufika mapajani, yenye vitambaa vyekundu vilivyonyauka. Nikasema moyoni, hata magugu hapa yanateseka. Jioni nikirudi, palepale, nikakuta ukingo mzima una maua ya manjano, mapana, mororo, yenye harufu ndogo ya utamu. Nilisimama nikadhani nimepotea njia. Nilirudi kesho yake mchana kuhakikisha. Vitambaa vilevile.

Jina lake la kitaalamu daktari mmoja mgeni aliwahi kunitajia, nikaitikia kwa heshima, nikalisahau kabla hajageuka. Sisi tuliliita ua la jioni, basi. Lakini kulitambua nataka mlijue vizuri, kwa sababu linafanana na mengine mengi. Ua lina petali nne, si tano, na kila moja imebonyea kidogo ukingoni. Katikati kuna kijiti kilichogawanyika vinne, kama msalaba. Hiyo ndiyo alama yake, ukiiona usibishane tena. Kinachoonekana kama kikonyo kirefu ni sehemu ya ua lenyewe. Likinyauka linageuka jekundu. Lina ndugu yake wa bondeni, naye wa manjano, naye ana petali nne, lakini huyo anapenda kusimama majini na anachanua mchana kweupe. Ukimleta chini ya upenu atakufa kwa siku chache. Na kabla halijatoa shina, ua la jioni ni majani tu, membamba marefu, yaliyolala chini kwa duara. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani ni mchunga, lile gugu la shambani. Vunja jani: mchunga unatoa maziwa meupe, hili halitoi kitu.

Kupanda ni rahisi ukikubali kutofanya mengi. Chimbua changarawe kwa jembe la meno, usitie samadi, maana likishiba linatoa majani manene na kuanguka. Mbegu ni laini mno. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu, kandamiza kwa kiganja, usifukie. Zikikosa mwanga hazioti. Maji zipe kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, kidogo kidogo mpaka zishike. Usihamishe mche ulioshika, mzizi wake mkuu unakwenda chini moja kwa moja, ukikatika umemaliza kazi. Halafu unangoja. Kwa miezi mingi utakuwa na majani yaliyolala tu, na kila anayepita atakuuliza kwa nini hupalilii.

Nilipanda ukanda wote. Ukashika. Hapo ndipo Kerubo alipoingia.

Kerubo alikuwa mama wa watoto watatu kutoka kando ya Kiogoro, kwa hiyo tulikuwa kama majirani. Aliletwa na kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, na nyumba yake ilikuwa ndogo na watoto wadogo, hivyo akalazwa. Dawa zilikuwa za miezi mingi, sindano na vidonge kwa pamoja, zinazomtapisha na kumlegeza magoti. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa Sista Akinyi, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka jikoni. Kigusii hakukijua, kwa hiyo pale wodini sote tulisema Kiswahili, kila mtu na chake.

Tatizo la Kerubo halikuwa dawa peke yake. Lilikuwa mikono. Hakuwahi kukaa bila kazi tangu azaliwe, na sasa alikaa kwenye ukingo wa saruji chini ya upenu kutwa nzima, barakoa usoni, akiwaza shamba lake. Akipata nguvu kidogo tu, anatangaza kwamba anaondoka.

"Sista, mimi nimepona. Hata kikohozi imeisha. Shamba yangu saa hii ni msitu, watu wanapita wanacheka bwana yangu."

"Kerubo, ukiacha dawa sasa itarudi, na itarudi na hasira," Sista Akinyi alimjibu. "Itakumaliza, na itashika hao watoto. Mimi sikuogopeshi. Nimeona."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Akiondoka, anakufa, na pengine si peke yake. Sista Akinyi alijua, mimi nilijua, na nadhani Kerubo mwenyewe alijua, ila magugu yalimuuma zaidi.

Asubuhi moja nilifika kazini nikakuta ukanda wangu mweupe. Nasema mweupe maana hapakuwa na jani. Pamefagiwa kwa ufagio, mistari imenyooka, kama uwanja wa mtu anayengoja wageni wa posa. Kerubo ameketi mahali pake, anahema, jasho linamtoka, macho yanacheka juu ya barakoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona na furaha.

"Mama Bosibori, nimekusaidia," alisema. "Hapa palikuwa pamekushinda."

Mtu wa kwetu ataelewa. Huwezi kukaa kwa watu siku nyingi ukitazama magugu yao bila kuinama. Ni kama kuwasema. Kerubo alinionea huruma. Alidhani ninazeeka, kazi imenizidi, akaamka kabla ya watu na kunisitiri. Nikasema asante. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikasimama karibu na kuni, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Miezi yangu yote ilikuwa kwenye shimo la takataka, mizizi imekatika, imeshalegea. Nilijaribu kurudisha michache. Hakuna hata mmoja ulioshika.

Siku mbili sikumwambia. Siku ya tatu nilimkuta amefunga nguo zake kwenye leso, akimwambia Sista Akinyi kwamba kama ana nguvu ya kupalilia ukanda mzima, ana nguvu ya kupalilia kwake. Watu huwa wanasema nilifanya hila ya kumzuia. Sikufanya hila. Nilikuwa na hasira, na ikanitoka.

"Yale hayakuwa magugu, Kerubo."

"Ilikuwa nini?"

"Maua. Niliyapanda mimi."

Alicheka kwanza, akidhani namtania. Kisha akaniangalia vizuri. Nyinyi mnajua palizi ya wimbi, ile nafaka ya uji, ilivyo: kuna ile nyasi inayofanana nalo kabisa, na mwanamke anasifiwa kijiji kizima kwa kuwa macho yake hayakosei. Kerubo alikuwa mmoja wa hao. Aliitwa mashamba ya watu kwa ajili ya macho yake. Sasa ameng'oa mazao ya mtu, tena yote, tena akafagia.

Aliketi. Sista Akinyi alinikodolea macho kana kwamba nimemchoma mgonjwa wake kwa sindano isiyoandikwa.

"Mbegu iko?" Kerubo aliuliza hatimaye.

"Nyakoe iko."

"Lete. Mtu haondoki hivi. Ukitoa wimbi ya mwenzako, unapanda ingine mpaka imee." Akafungua leso, akarudisha nguo kwenye kabati.

Nilileta mbegu. Tulipanda pamoja, nje, upepo ukivuma, mimi na barakoa yangu, yeye na yake, hatua chache kati yetu kama Sista alivyotuamuru. Nilimfundisha kama Mzee Ratemo alivyonifundisha, na nakiri nilifurahi kidogo kuwa upande huo wa maswali. "Mama Bosibori, hii?" "Vunja jani." "Imetoa maziwa." "Basi toa." Alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Baada ya muda akawa ndiye anayewakaripia wagonjwa wengine wakiweka viti vyao vibaya.

Maji, tuliyoyakinga kutoka paani mvua ikinyesha, ndiyo yalihitaji mpango. Miche michanga chini ya upenu haivumilii siku mbili kavu. Kerubo ni Msabato. Jua likizama Ijumaa hagusi kopo mpaka lizame Jumamosi. Mimi ni Mkatoliki, Jumapili niko kanisani na baadaye nyumbani kwangu. Kwa hiyo Jumamosi ikawa yangu, Jumapili ikawa yake. Alinitania kwamba maua yale yamepata dini mbili na hayajabatizwa hata kwa moja.

Usidhani basi ikawa raha tupu. Zile dawa zilimtesa. Kuna wiki alikataa chakula, masikio yanalia, anatapika mpaka machozi. Mumewe, Onyancha, alikuja kumwona na kwa nia njema kabisa akamwambia mtoto mdogo ameanza kumwita shangazi yake mama. Nilikuwepo. Ningemfunga mdomo kwa leso kama ningeweza.

Jumapili iliyofuata aliondoka. Haya nilisimuliwa na Sista Akinyi kesho yake. Kerubo alingoja wauguzi waingie kwenye chai, akachukua mzigo wake, akapita mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma unatokea upenuni. Sista alipogundua kitanda kitupu alikimbia kuelekea geti, akakuta askari hajamwona mtu. Akarudi akizunguka jengo, anaita. Akamkuta amechuchumaa, mzigo uko kwenye saruji, kopo mkononi.

"Unaenda wapi?" Sista alimuuliza.

"Nyumbani."

"Na hiyo?"

"Leo ni Jumapili. Mama Bosibori hayuko. Nikienda hivi, hii itakufa." Akaendelea kunyunyiza, akilia. "Na Jumapili ingine pia itakuwa siku yangu. Sasa mimi nitaenda lini?"

Sista Akinyi aliketi naye pale mpaka ukanda wote ukalowa, kisha akambebea mzigo ndani. Aliponisimulia alikuwa bado anapangusa macho, na mimi nikajifanya nanoa panga.

Hakujaribu tena. Hesabu ya miezi aliwaachia watu wa dawa. Majani yalilala, yakanenepa, siku moja shina likainuka katikati ya duara. Yeye naye akaanza kunenepa mashavu. Makohozi yalipimwa, yakapimwa tena, yakawa safi kila mara. Daktari akasema amemaliza, aende nyumbani. Siku aliyopewa ruhusa ilikuwa Ijumaa.

Nilipofika kazini siku hiyo niliangalia machipukizi, na moyo ukaruka. Ua la jioni linatoa habari mapema: likikaribia kufunguka, ganda la kichipukizi linapasuka ubavuni na unaona mstari wa manjano. Mistari ilikuwa kwenye mashina matano au sita. Ilikuwa yafunguke jioni hiyohiyo, kwa mara ya kwanza.

Nilimkuta Kerubo amevaa gauni lake la kanisani, Onyancha akifunga mzigo kwenye pikipiki ya boda.

"Ngoja mpaka saa kumi na mbili na nusu," nilimwambia. "Leo ndiyo leo. Utayaona kwa macho yako, yanafunguka yakitetemeka. Boda atakurudisha jioni."

Akatazama yale machipukizi. Akainama, akagusa moja kwa kidole, na niliona kwamba anataka. Kisha akatazama jua.

"Mama Bosibori, leo ni Ijumaa. Watoto hawajaoga. Chakula ya Sabato haijapikwa. Nimekaa hapa Sabato ngapi peke yangu?" Akanyooka. "Jua ikizama, mimi niwe kwangu."

Nilifungua mdomo nimbembeleze. Nilitaka sana ayaone. Naona aibu jinsi nilivyotaka. Lakini tulikuwa tumempigania miezi yote hiyo ili afike nyumbani, mimi, Sista na zile sindano. Nilimsaidia kupanda pikipiki, nikamwambia ashike vizuri kwenye kona, wakaondoka.

Jioni yalifunguka. Sista Akinyi zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hakuondoka. Wagonjwa walitoka na viti vyao. La kwanza lilianza kutikisika kana kwamba kuna mdudu ndani, ganda likarudi nyuma ghafla, petali zikajikunjua mbele yetu, na mzee mmoja wa kitanda cha dirishani akasema "Yesu wangu" kwa sauti. Kisha lingine, na lingine. Mahali pa Kerubo kwenye saruji hapakukaliwa na mtu. Nililia, na sikujificha nyuma ya jikoni safari hii.

Jumamosi sikumpigia simu, nikiheshimu siku yake. Jumapili baada ya misa nilishindwa kuvumilia. Simu iliita sana. Alipopokea alikuwa anahema, si kuhema kwa ugonjwa, na nyuma nilisikia jembe likigonga jiwe na mtoto akiita mama, mama, mama, bila kupumzika.

"Kerubo! Yamefunguka! Manjano yote, ukanda mzima!"

"Nini imefunguka?"

"Maua!"

"Maua gani?" Akageuka kumkemea mtoto asikanyage mahindi, akarudi kwenye simu. "Ah, hayo. Ni sawa. Mama Bosibori, niache kwanza, niko na kazi."

Akakata.